Grafu iliyolingana kupita kiasi: kisa cha pendulamu, modeli ya kompyuta na maksi 18

Niliwahi kumpa mwanafunzi 18 kwa 20 kwenye kazi ya maabara ambayo modeli yake ya kompyuta ilikuwa na namba iliyokosea karibu mara 11, na usiku huohuo nikampa mwenzake 13 kwa kazi ambayo leo naiona ndo ilikuwa bora kuliko zote kwenye lile rundo. Sikulewa wala sikuwa na upendeleo. Nilikuwa na skimu ya kusahihisha mkononi na niliifuata mstari kwa mstari, na hapo ndo kwenye utamu wa hiki kisa, maana skimu yenyewe ndo iliyonipeleka shimoni.

Kazi ilikuwa ya kawaida kabisa. Kipira cha chuma kwenye uzi, urefu mita moja kutoka pale uzi ulipobanwa mpaka katikati ya kipira, unakivuta pembeni kwa pembe ya nyuzi 8 hivi, unakiachia, unakiacha kibembee dakika nzima. Chini yake kuna rula imelazwa, unarekodi kwa simu, afu unasoma kwenye video kipira kinafika sentimita ngapi kutoka katikati kila baada ya sekunde 10. Sehemu ya kwanza unatafuta g, yaani mchapuko wa graviti, kwa kuhesabu mizunguko. Sehemu ya pili unaandika programu fupi ya kuiga huo mbembeo kwa hatua ndogondogo za muda, unachora mstari wa modeli juu ya nukta za data, unaeleza mbembeo unafifia kwa nini na kwa kasi gani. Maksi zilikuwa hivi: vipimo 5, grafu na mashaka ya vipimo 4, modeli ikubaliane na data 6, hitimisho linalotokana na ushahidi 5. Kumbuka huo mstari wa "modeli ikubaliane na data", maana niliuandika mimi mwenyewe na wakati ule niliuona umekaa vizuri tu.

Sasa kijana wa kwanza. Ripoti yake safi, yaani safi mpaka unafurahi. Mizunguko 30 kwa sekunde 60.2, kwa hiyo mzunguko mmoja sekunde 2.007, ukiingiza kwenye fomula ya kawaida unapata g 9.80. Yeye aliandika 9.8041, nikamkata maksi moja hapo kwa sababu mkono wa mtu kwenye stopwochi unachelewa au kuwahi kama sekunde 0.2, na hiyo peke yake inaitikisa g kwa 0.06 au 0.07, sasa hizo tarakimu mbili za mwisho alizitoa wapi kama sio kwenye kalkuleta. Hilo kosa ni la kila siku, tuliache.

Data zake za kufifia: alianza sm 13.9, baada ya sekunde 10 ikawa 13.2, halafu 12.6, 12.0, 11.4, 10.8, na sekunde ya 60 sm 10.3. Kila kipimo na plus au minus sm 0.3. Na mstari wa modeli ukapita katikati ya nukta zote saba kama uzi kwenye shanga. Chini ya grafu ameandika: "Modeli inaonyesha ukinzani wa hewa una thamani ya b = 0.108 kwa sekunde, na inakubaliana na majaribio." Nikaweka tiki. Sita kwa sita. Jumla 18.

Binti wa pili alitumia kipira chepesi, na grafu yake ilikuwa na aibu ya wazi kabisa. Alichofanya ni kutumia nusu dakika ya kwanza kupata b, pale mbembeo uliposhuka kutoka sm 14.0 mpaka 9.8, halafu akaiacha modeli itabiri yenyewe nusu dakika iliyobaki bila kuigusa. Modeli ikasema sekunde ya 60 kipira kitafika sm 6.9, rula ikasema 7.5. Na hiyo ni nje ya plus au minus 0.3, haifichiki, nukta zinaelea juu ya mstari kama zimegoma kukaa. Akaandika: "Nimepunguza hatua ya muda nusu na mstari haujasogea, kwa hiyo tofauti haitoki kwenye hatua. Labda ukinzani hauongezeki sawasawa na kasi." Nikasoma, nikasema sawa, ila modeli haikubaliani na data. Mbili kwa sita. Na kwenye hitimisho 3 kwa 5 kwa sababu ya hilo neno "labda". Jumla 13. Nikaendelea na ripoti nyingine, nikalala.

Kilichonizindua ni uvivu, sitawadanganya. Kesho yake nilitaka kupata grafu nzuri ya kuwaonyesha darasani nikachukua ya yule kijana maana ndo ilikuwa inapendeza, nikafungua programu yake nikataka iende dakika tano badala ya moja. Kompyuta yangu ni mzee, ikawa inajikongoja, basi nikaongeza hatua ya muda kutoka sekunde 0.01 mpaka 0.02 ili imalize haraka. Pendulamu ikaanza kukua. Badala ya kufifia inapanda, kila mbembeo mkubwa kuliko uliopita, ilianza nyuzi 8 na kufika sekunde ya 30 iko kama nyuzi 30. Hakuna anayeisukuma! Kipira kwenye uzi, chenye ukinzani wa hewa ndani ya programu, kinajiongezea nguvu chenyewe.

Nikadhani nimeharibu kitu. Nikarudisha 0.01, grafu nzuri ileile. Nikapeleka upande wa pili, 0.001, ambayo kwa akili ya kawaida inatakiwa iwe sahihi zaidi kwa sababu hatua ni ndogo zaidi. Sasa pendulamu inakufa. Sekunde ya 60 imebaki kama nyuzi 0.4 tu, wakati kipira halisi kwenye video bado kinabembea karibu nyuzi 6. Yaani ile modeli ilikuwa inalingana na dunia kwa hatua moja tu, 0.01. Ukiigusa kushoto au kulia inaanguka.

Hapa inabidi nieleze kidogo kinachoendelea ndani, maana bila hivyo suala la maksi haliwezi kueleweka. Programu ya aina hii haijui mkunjo, inajua hatua tu. Fikiria mtu anatembea usiku kwenye njia inayopinda, anawasha tochi mara moja anaona njia inaelekea wapi, anazima, anapiga hatua iliyonyooka gizani, anawasha tena. Njia ikiwa inapinda, kila hatua inamtoa nje kidogo, na inamtoa upande uleule kila mara, haimrudishi ndani hata siku moja. Hiyo ndo njia ya Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, na ndo ya kwanza kila mtu anayofundishwa. Kwa pendulamu, kutoka nje ya mkunjo maana yake ni kuongeza nishati. Ukipiga hesabu kwa uzi wa mita moja, kila hatua inazidisha nishati kwa 1 jumlisha 9.81 mara dt mara dt, dt ndo ile hatua ya muda. Kwa dt ya 0.01 hiyo ni 1.000981, inaonekana si kitu, ila sekunde moja ina hatua 100, kwa hiyo kila sekunde nishati inaongezeka kama asilimia 10. Ya bure. Imetoka hewani, au niseme imetoka kwenye hesabu.

Sasa weka hilo pembeni na umfikirie kijana. Ameandika programu, ameiwasha bila ukinzani wowote, ameona mbembeo unakua, kufika sekunde ya 20 umepita nyuzi 20. Angejiuliza hapo kisa kingeishia hapo. Ila alikuwa na kitufe mkononi, kile cha b, na lengo mbele yake, nukta saba, na skimu ya mwalimu inayosema modeli ikubaliane na data. Akaanza kuongeza b. Kidogo, bado inakua. Zaidi kidogo, inakua polepole. Akafika 0.108 ikapita kwenye nukta zote. Akafurahi, na mimi nikafurahi naye.

Na b ya kweli je? Hiyo hata kompyuta haihitajiki. Chukua data zake mwenyewe, 13.9 gawa kwa 10.3, tafuta logi asilia, ni kama 0.30, gawa kwa sekunde 60, zidisha mara mbili kwa sababu nishati inashuka mara mbili ya haraka kuliko upana wa mbembeo, unapata 0.010. Sufuri nukta sufuri moja sufuri. Yeye anasema 0.108. Jibu la kweli lilikuwa kwenye jedwali lake mwenyewe, ukurasa wa pili, na halikuhitaji zaidi ya mistari mitatu ya kalkuleta. Ile ziada, 0.098, ukiitazama vizuri ni 9.81 mara 0.01, yaani ni ile nishati ya bure anayoizalisha kwa mkono mmoja na kuizima kwa mkono mwingine, na katikati imebaki 0.010 ya kweli ambayo ndo inayoonekana kwenye grafu. Makosa mawili yamekumbatiana mpaka yakafanana na ukweli.

Mtu ataniuliza, mbona g haikumsaliti? Kwa sababu njia ya Euler inaharibu nishati sana ila muda wa mzunguko inauharibu kidogo mno, kwa hatua ya 0.01 ni kama asilimia 0.03, haiwezi kuonekana kwa stopwochi ya mkono. Kwa hiyo ukikagua modeli kwa kuuliza tu "mzunguko mmoja sekunde ngapi" inafaulu vizuri sana. Hili linanisumbua mpaka leo, maana ndo swali ambalo wengi wetu tunauliza.

Na kuna kichekesho humu. Yule kijana alianguka kwa sababu ya umakini. Kwenye programu yake alihifadhi pembe ya zamani na kasi ya zamani kwanza, ndo akapiga hesabu za zote mbili kwa kutumia za zamani, kwa haki kabisa, kama kitabu kinavyotaka. Binti yeye aliandika ovyo, akasasisha kasi kwanza, afu akatumia hiyo kasi mpya kusogeza pembe. Ukimuuliza mtu wa hesabu atakwambia binti kachanganya wakati. Kumbe mpangilio huo wa kuchanganya ndo unaoshika nishati, haipandi hovyo, inayumbayumba kidogo na kurudi. Mwaka 1981 Alan Cromer aliandika makala kuhusu jambo hili kwenye American Journal of Physics, na ugunduzi wenyewe alimpa sifa mwanafunzi wa sekondari ambaye aliandika mistari ya programu kwa mpangilio huo. Watu wanaita njia ya Euler na Cromer. Mstari mmoja umepanda juu ya mwingine, basi.

Ila msije mkasema binti alibahatisha. Kwenye mpangilio wa mistari, ndio alibahatisha, nilimuuliza akasema aliandika tu hivyo. Lakini alipunguza hatua nusu akaangalia kama mstari unasogea. Angekuwa ameandika kama kijana angeona mara moja. Kipimo hicho kinachukua sekunde kumi na yeye peke yake ndo aliyekifanya. Na ile "labda" yake niliyoikata maksi mbili? Alikuwa sahihi. Kipira chepesi kikienda haraka, ukinzani wa hewa unafuata zaidi kasi mara kasi, sio kasi peke yake, kwa hiyo mbembeo mkubwa unafifia haraka na mdogo unafifia polepole. Ukipima mwanzoni halafu ukatabiri mwishoni kwa b moja, utatabiri chini ya hali halisi. Nilijaribu mwenyewe na modeli ya kasi mara kasi, kutoka 14.0 na 9.8 zake, ikatoa 7.5 sekunde ya 60. Rula yake ilisema 7.5. Nikakaa kimya kidogo mbele ya hiyo namba.

Sasa kazi ikawa: nifanye nini na maksi?

Maksi zilikuwa hazijatoka bado, hilo lilinisaidia. Nikamfuata mwenzangu tunayesahihisha naye, nikamwonyesha. Akacheka, halafu akaniambia kitu ambacho sikukipenda: "Wewe uliandika ilingane. Imelingana. Mpe maksi zake, ukitaka kubadilisha skimu badilisha ya mwakani." Nilibishana naye nusu saa na mwisho nikaona ana haki kwa nusu. Ile skimu wanafunzi walikuwa nayo tangu mwanzo, ni ahadi, na kijana aliitimiza kama ilivyoandikwa, sasa mimi kugeuka leo niseme "kulingana" kulikuwa na maana nyingine kichwani mwangu huo si usahihishaji, ni kuhamisha goli mpira ukiwa hewani. Hizo 6 nikaziacha palepale. Kosa la mstari ule ni langu.

Lakini skimu hiyohiyo ilikuwa na mstari wa hitimisho linalotokana na ushahidi. Na hapo kijana alikuwa ameandika sentensi inayodai kitu kuhusu dunia, sio kuhusu programu: kwamba ukinzani wa hewa ni 0.108. Ushahidi wake mwenyewe unasema 0.010. Hilo halihitaji skimu mpya, linahitaji mwalimu asome jedwali na hitimisho kwa pamoja, kitu ambacho sikukifanya kwa sababu grafu ilikuwa imeshanilainisha. Nilikuwa nimempa 4 hapo, nikaishusha mpaka 1. Jumla ikawa 15. Binti nikampandisha modeli kutoka 2 mpaka 5, kwa sababu modeli inayotabiri kitu ambacho haijakiona na ikakosea kwa sm 0.6 imefanya kazi kubwa kuliko modeli iliyovutwa mpaka ikakaa juu ya kila nukta, na hitimisho nikampa 5 zote. Jumla 18.

Swali la udanganyifu lilikuja pia, maana wapo waliosikia hiki kisa wakasema kijana kapika. Hapana. Kupika ni kubadilisha data, na data zake zilikuwa halali, nilitazama video. Kurekebisha namba ya modeli mpaka mstari upite kwenye nukta ni jambo la kawaida kabisa, wanafizikia wote wanafanya, lina jina lake na hesabu zake. Tatizo ni pale namba uliyoirekebisha unapoipa jina la kitu cha kweli, "ukinzani wa hewa", bila kuuliza kama inaweza kuwa hivyo. Ukiniambia "nimeweka b 0.108 ili mstari upite, sijui inawakilisha nini" nitakupa maksi nyingi tu. Ukiniambia ni hewa, nitakuuliza hewa gani hiyo.

Nilimwita kijana. Sikumwambia kosa, nilitaka nione kama swali moja linatosha. Nikamuuliza: "Ukipunguza hatua ya muda nusu, unategemea nini kitatokea kwenye mstari?" Akajibu bila kusita, "Utakuwa sahihi zaidi mwalimu." Nikamwambia jaribu. Akajaribu palepale, mstari ukashuka chini ya nukta ukaondoka zake. Akanyamaza. Afu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Lakini si ulikuwa umelingana?" Nikamwambia ulikuwa umelingana, ndio.

Kile kikao kilichukua dakika tano na nilijua mengi kuhusu uelewa wake kuliko kwenye kurasa tisa za ripoti. Tangu siku hiyo kila kazi ya modeli lazima niulize swali moja la mdomo, hata kama ripoti ni 60, nachagua swali ambalo halina jibu kwenye ripoti na linajibiwa kwa kugusa programu, sio kwa kukumbuka. Hili linasaidia pia na wale ambao programu wameandikiwa, siku hizi kupata programu ya pendulamu iliyoandikwa vizuri ni suala la sekunde, siwezi na sitaki kuanza kuwinda nani kaandika. Aliyeandikiwa ila anaielewa atajibu. Asiyeielewa hajibu, hata kama aliandika kila herufi mwenyewe.

Skimu niliibadilisha kwa awamu iliyofuata. Zile 6 za "ikubaliane na data" nikazivunja. Mbili ni za kuonyesha kwamba matokeo hayategemei hatua ya muda, yaani umeipunguza na ukaripoti kilichotokea, hata kama kilichotokea ni kibaya. Mbili ni za kila namba iliyomo kwenye modeli kuwa na asili: imepimwa, imetoka kwenye data ipi, au imerekebishwa kwa mkono, na kama imerekebishwa useme. Mbili za mwisho ni za kunionyesha mahali modeli inapokosea. Hizi za mwisho zilileta kelele. Wanafunzi wamezoea kuficha pale pasipolingana, ukiwaambia pana maksi pale wanadhani ni mtego. Awamu ya kwanza watu watatu wakanitungia kutolingana ambako hakukuwepo ili wapate hizo mbili, nikacheka mpaka machozi, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa na wanafunzi wanaoghushi makosa.

Sikuyatoa kichwani yote hayo. Chama cha walimu wa fizikia cha Marekani, AAPT, mwaka 2014 kilitoa mapendekezo ya maabara za chuo na kati ya maeneo sita waliyoyataja, kujenga modeli ni eneo linalojitegemea, haliko ndani ya kuchambua data wala ndani ya ujuzi wa vifaa. Nilikuwa nimeshalisoma zamani nikalipita, nikidhani modeli maana yake ni mstari uliochorwa juu ya nukta. Na kuna utafiti wa 2015 wa Natasha Holmes, Carl Wieman na Doug Bonn, uliotoka kwenye jarida la PNAS, ambao walianza na pendulamu hiihii: wanafunzi wanalinganisha mzunguko wa nyuzi 10 na wa nyuzi 20, wanaambiwa warudi wapime vizuri zaidi wanapoona vinalingana. Hapo ndo penye akili. Vikilingana, rudi upime tena, kwa sababu kulingana kunaweza kuwa ni upana wa mashaka yako tu. Kwa fomula ya shuleni nyuzi 10 na 20 ni mzunguko mmoja, ukipima kwa makini inatokea tofauti ya karibu asilimia 0.6, kama sekunde 0.012 kwa uzi wa mita moja. Anayeridhika mapema haioni kamwe.

Mimi nilikuwa nafundisha kinyume chake. Ikilingana, simama, chukua maksi sita. Isipolingana, hangaika.

Turudi kwa kijana. Nilimwambia anaweza kuleta nyongeza ya ukurasa mmoja na nitamrudishia maksi zisizozidi 3 kwenye hitimisho, ila sikumwambia aandike nini. Alipotea siku nne. Nilifikiri ameamua kubaki na 15 yake.

Akarudi na jedwali. Alichukua hatua ya 0.02, akatafuta b inayofanya mstari upite kwenye nukta, akapata 0.206. Kwa 0.01 ni ile yake, 0.108. Kwa 0.005 ikawa 0.059. Kwa 0.001 ikawa 0.020. Halafu akabadilisha mpangilio wa mistari miwili, mwenyewe, baada ya kuhangaika, akapata 0.010 na haikusogea tena hata alipobadilisha hatua. Chini yake akaandika kwamba 0.010 ndo kufifia kwa kweli kwa pendulamu yake pamoja na pale uzi ulipobanwa, sio hewa tu, na kwamba zile nyingine ni hewa ya kompyuta. Hewa ya kompyuta! Nimeliiba hilo neno, nalitumia darasani mpaka leo.

Afu akanigeuzia karatasi. Nyuma alikuwa amechora b dhidi ya hatua ya muda, nukta nne kwenye mstari ulionyooka kabisa, ukiurefusha mpaka hatua ikiwa sifuri unakata kwenye 0.010. Akawa anaweka kidole kwenye mteremko ambao alikuwa ameupima kwa rula, 9.8, ananitazama kama mtu aliyekuta noti kwenye koti la mwaka jana.

"Mwalimu, hii si g tena?"

Ilikuwa ni g. g gawa kwa urefu wa uzi, na uzi ulikuwa mita moja. Alikuwa ameipima g mara ya pili, safari hii kwa kutumia kosa la programu yake, na safari hii aliandika tarakimu mbili tu. Nikampa zile 3. Jumla ikarudi 18, zilezile za mwanzo.